Darasa Katika Nyumba ya Ngoma

Nashilu alikuwa muuza maziwa. Kila asubuhi alikama ng'ombe, akajaza vibuyu, akavifunga kwa kamba ya ngozi na kuvibeba mgongoni. Alishuka kutoka Kimandolu, akavuka mto Themi, akaingia mjini Arusha. Mchana alirudi na chumvi au sukari. Jioni alikama tena. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuwa na ugomvi nayo.

Zama hizo Wajerumani ndio waliokuwa watawala. Boma lao jeupe lilionekana toka mbali. Karibu na boma kulikuwa na shule ya serikali, na Lengai, mwana wa Nashilu, alisoma hapo. Hakwenda kwa kupenda. Jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Wajerumani, aliamuru kila ukoo utoe kijana mmoja, na Simel, mume wa Nashilu, akamtoa Lengai. Nyumbani Lengai alikuwa mwepesi wa kila jambo. Aliwajua ng'ombe wote kwa rangi na kwa mama zao. Akiimba na wenzake, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Lakini shuleni alikaa kimya kama jiwe la mafiga. Mwalimu akimwonyesha neno, aliangalia chini.

Siku moja jumbe alipita nyumba hadi nyumba na habari mpya. Mvua za masika zikiisha, Bwana wa boma atakuja shuleni kuwapima wanafunzi. Vijana wakubwa wasioweza kusoma wataondolewa shule. Watapelekwa kufanya kazi katika shamba la mzungu mmoja kule Nduruma.

Nashilu alilijua jina hilo la Nduruma. Koikai, mwanawe wa kwanza, alikuwa amekwenda kwenye shamba hilo. Alikwenda ana nguvu za kubeba ndama. Akarudi na homa. Homa hiyo ilipoa, kisha ilirudi, na siku nyingine Koikai hakuweza hata kufukuza mbuzi waliovamia migomba. Nashilu hakuwa tayari kumtoa mtoto wa pili.

Basi akafanya jambo ambalo aliliona la akili sana. Jirani yao alikuwa na mtoto mdogo aitwaye Loserian. Mtoto huyo alikuwa na meno ya mbele yaliyong'oka, lakini shuleni hakuna aliyemfikia kwa kusoma. Nashilu akamwahidi maziwa ya mgando. Jioni Loserian akaja na kibao chake cha kuandikia, akaketi mbele ya nyumba karibu na Lengai.

"Soma hapa," Loserian akasema, akiweka kidole kwenye kibao.

Lengai akasoma kwa sauti ya chini.

"Siyo hivyo!" Loserian akacheka. "Hata jana ulikosea hapa hapa. Soma tena."

Lengai akasimama. Hakumpiga mtoto. Alichukua shuka lake akaenda kulala kwenye zizi. Chakula chake kikapoa, na asubuhi kilikuwa bado pale pale.

Simel alikuja akaona kibao, akaona na mtoto anayelamba maziwa kwenye kidole.

"Mama Koikai," aliuliza polepole, "umemletea morani mwalimu layoni?"

Hapo ndipo Nashilu alipojishika kichwa. Lengai alikuwa ametahiriwa mwaka ule. Sasa alikuwa morani, mtu mzima. Layoni ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa. Kwa Waarusha layoni hamsahihishi morani. Hata kumkatiza maneno hathubutu. Nashilu aliyajua hayo kuliko alivyoijua njia ya sokoni. Lakini alidhani shule ni kitu cha wageni, na mambo ya rika yanabaki mlangoni.

"Nilitaka kumsaidia," alisema.

"Najua," Simel alijibu. "Umemsaidia kulala zizini."

Kesho yake Nashilu alipeleka maziwa kwa Bi Tunu kama kawaida. Bi Tunu alikuwa Mswahili aliyetoka pwani na mumewe, akakaa nyuma ya soko. Alikaanga vitumbua, alipenda chai ya maziwa mengi, na alikuwa kiongozi wa ngoma ya wanawake. Nashilu akamimina maziwa. Bakuli likajaa, naye akaendelea kumimina.

"Mama Koikai, leo unanywesha sakafu," Bi Tunu alisema. "Kuna nini?"

Nashilu akaketi akaeleza yote, kuanzia jumbe mpaka Loserian. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini uchungu haukuhitaji maneno mengi. Bi Tunu alicheka kidogo Nashilu alipofika kwenye habari ya zizi, kisha akaacha kucheka.

"Na huko shuleni anakaa na nani?"

"Na wadogo. Mwalimu amewaweka mbele wote wasiojua, mkeka mmoja. Morani yuko magoti kwa magoti na layoni. Akikosea, Loserian anaitwa amsahihishe, na wengine wanacheka."

"Yuko peke yake?"

"Wako wenzake wa rika lake. Nao wamenyamaza vile vile. Mwalimu anasema vichwa vyao vizito."

Bi Tunu akafuta mikono kwa kanga.

"Mwanao hana kichwa kizito. Ulipougua, si yeye aliyeleta maziwa? Tulikuwa katika nyumba ya ngoma, tunafundishana wimbo mpya. Mrefu huo, umetutoa jasho. Yeye akasimama mlangoni na kibuyu chake. Alipoondoka nilimsikia anauimba njia nzima, ubeti baada ya ubeti, hata ule uliotushinda sisi. Mtu kama huyo kichwa chake kimefunguka. Kilichofungwa ni kinywa."

Nashilu akamtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumsifia Lengai kwa jambo la shule, na machozi yalimtoka bila kuaga.

"Usilie, utatia chumvi kwenye maziwa," Bi Tunu akasema. "Mwalimu wenu Jamaldini ni mtoto wa kaka yangu. Akitoka shule anakuja kula hapa. Mngoje."

Mwalimu Jamaldini alifika adhuhuri, kanzu imenyooka, kiboko kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Keti ule. Huyu ni mama yake Lengai. Ukimaliza kula utamsikiliza."

Jamaldini alikula, akasikiliza. Aliposikia habari za morani na layoni, tonge lilisimama njiani.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hukuuliza, mwalimu," Nashilu alisema. "Na mimi mwenyewe nilisahau, sembuse wewe mgeni."

"Waondoe kwenye ule mkeka," Bi Tunu akasema. "Kisha walete kwangu, nyumba ya ngoma. Asubuhi wanawake wako shambani na sokoni, nyumba iko wazi. Wafundishe huko."

"Shangazi! Shule ni shule, ngoma ni ngoma. Bwana wa boma akisikia nawafundisha wanafunzi wake kati ya matarumbeta na madebe, nitamwambia nini?"

"Na wewe chuoni, ulipojifunza Kurani, ulisomaje? Ulisoma peke yako, kimya, unatazama chini?"

Jamaldini akatabasamu bila kutaka.

"Tulisoma wote, kwa sauti."

"Ukikosea?"

"Tulirudia. Wakati mwingine nilipigwa."

"Kiboko hakikukufundisha, kurudia ndiko kulikokufundisha," Bi Tunu akasema. "Basi jaribu mpaka mwezi uandame. Ikishindikana, nitakaanga vitumbua na kunyamaza. Ila kiboko chako kitabaki nje. Nyumba yangu haikijui."

Nyumba ya ngoma ilikuwa ndefu, ya udongo, imeezekwa majani ya migomba. Ndani kulikuwa na mabenchi pande zote mbili. Ngoma zilining'inia kwenye boriti, na ukuta mmoja ulikuwa umepakwa chokaa. Siku ya kwanza Nashilu alikwenda kuangalia. Alikaa pembeni na vibuyu vyake, akajifanya anavisafisha.

Vijana waliingia wakaegemeza fimbo zao mlangoni. Walikaa benchi moja kama watu wanaongoja hukumu. Bi Tunu akasimama mbele yao.

"Wanangu, sheria ya humu ni moja," alisema. "Hatumcheki mtu. Ukikosea, husemwi wewe. Tunasema, 'Turudi mwanzo,' na wote tunarudi. Hata mimi nikikosea, tunarudi. Mmesikia?"

Walisikia. Jamaldini akafungua kitabu chake cha shule na kuanza pale pale alipozoea. Akasoma mstari, akawaambia warudie. Kimya. Akasoma tena. Lengai akaangalia chini. Jamaldini akageuka kumtafuta yule aliyempa shauri hili, na uso wake haukuwa mzuri.

"Weka kitabu," Bi Tunu akamwambia. "Hicho ni chako, bado hawajafanya urafiki nacho. Lengai, mwanangu, nyinyi mkichunga mnaimba nini?"

Lengai akawatazama wenzake. Kisha akasimama, akaanza kwa Kimaasai. Wenzake wakamwitikia kutoka kifuani, sauti nzito iliyotikisa ngozi za ngoma pale juu. Nashilu akasahau kibuyu mkononi. Huyo ndiye Lengai aliyemjua.

"Sasa mniambie maana yake kwa Kiswahili," Jamaldini akasema. Hasira ilikuwa imemtoka, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka kujua.

Wakabishana sana. Huyu akatoa neno hili, yule akalikataa. Mwisho wakapata wimbo, na Jamaldini akauandika ukutani kwa mkaa, herufi kubwa kubwa:

Ng'ombe mwekundu amevuka Themi.
Nani atamrudisha?
Maziwa yake yamejaa.
Nani atamkama?

"Haya ni maneno yenu," alisema. "Si yangu, wala si ya Bwana wa boma. Lengai, anzisha."

Lengai akaimba. Jamaldini akaazima fimbo moja pale mlangoni, nayo ikafuata neno kwa neno ukutani. Wenzake wakaitikia. Waliimba mpaka sauti na fimbo zikawa zinafika mahali pamoja. Kisha Jamaldini akaficha mstari mmoja kwa kanga ya shangazi yake, akauliza ni upi umefichwa. Akaandika "nani" peke yake pembeni, akauliza wameliona wapi.

"Hapa!" Lengai akasema. "Na hapa tena!"

Kijana mmoja akakosea. Mwenzake akafungua kinywa kucheka, akakutana na macho ya Bi Tunu.

"Turudi mwanzo," Bi Tunu akasema, na wote wakarudi.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Wimbo wa kwanza ulizaa wa pili, ukuta ukafutwa na kupakwa upya. Jamaldini aliyavunja maneno waliyoyajua, akayaunganisha kuwa mengine wasiyoyajua. Hesabu walizifanya kwa mapigo ya ngoma. Pole pole kitabu nacho kikaingia. Mwalimu alinakili ukurasa mzima ukutani, na vijana wakausoma kama wimbo, mmoja akiongoza na wengine wakimfuata. Zilikuwapo siku mbaya pia. Kulikuwa na kijana aliyesinzia kila mara, na mwingine aliyependa ngoma kuliko herufi. Lakini hakuna aliyeacha kuja.

Shida ilitoka nyumbani. Mtu fulani alimwambia Simel kwamba mwanawe anashinda katika nyumba ya ngoma ya Waswahili. Simel alichukua fimbo akashuka mjini, na Nashilu akamfuata nyuma akikimbia.

"Nimemtoa mtoto asome," Simel alisema njiani. "Sikumtoa awe mcheza ngoma."

"Ngoja usikie kwanza, baba Koikai."

"Nitasikia nini? Madebe?"

Alifika mlangoni akasimama. Ndani Lengai alikuwa akiongoza ukurasa wa kitabu, habari za mtu anayechimba kisima. Simel hakuzoea Kiswahili, lakini uongozaji ule aliufahamu. Ndivyo alivyoongoza yeye ujanani. Alisikia sauti ya mwanawe ikipanda, na zile nyingine zikiibeba. Aliona fimbo ya mwalimu ikipita kwenye maneno. Hasira zake zikakosa mahali pa kukaa. Baada ya muda Nashilu alisikia mngurumo mdogo karibu yake. Simel alikuwa anaitikia.

"Mbona unaimba?" Nashilu akamnong'oneza.

"Siimbi. Nasafisha koo," Simel alisema, akageuka kuelekea nyumbani.

Masika yalikwisha. Bwana wa boma akaja shuleni na askari wake. Wazazi waliitwa, wakasimama nje ya madirisha. Nashilu hakuwa amekula tangu jana yake. Ndani aliona jambo la kwanza lililompa moyo. Wakubwa sasa walikuwa na benchi lao nyuma, na wadogo walikuwa kwenye mikeka mbele. Loserian alikuwa mbele kabisa, amesoma haraka haraka na kusifiwa.

Kisha Bwana akaelekeza kidole nyuma.

"Wewe, mrefu. Soma hapa."

Akampa Lengai kitabu kilichofunuliwa ukurasa ambao haukuwahi kuandikwa kwenye ukuta wa Bi Tunu. Lengai akasimama. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Katikati ya wa tatu akakutana na neno refu, akasimama.

Loserian alilijua neno hilo, na mkono wake ukaruka juu. Nashilu alishika kizingiti cha dirisha. Aliiona Nduruma yote mbele yake, na Koikai akitetemeka chini ya ngozi ya ng'ombe.

Jamaldini akamgusa Loserian begani, akaushusha mkono wake taratibu.

"Narudi mwanzo," Lengai akasema. Hakumwambia Bwana wala mwalimu; alijiambia mwenyewe.

Kisigino chake kikaanza kupiga sakafu polepole. Nyuma yake benchi zima likaitikia kutoka kifuani, chini sana.

"Kelele gani hizo?" Bwana akauliza.

"Wanasoma, Bwana," Jamaldini alijibu. Alikuwa ameshika mikono yake nyuma.

Lengai akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Lile neno refu akalikata vipande viwili, akavifuata kwa kisigino, akalipita. Akaenda mpaka chini ya ukurasa. Bwana akamtazama, akamtazama na mwalimu, akachukua kitabu chake.

"Inatosha. Anayefuata."

Wenzake nao walisoma, huyu vizuri, huyu kwa kujikokota. Hakuna hata mmoja wa benchi lile aliyepelekwa Nduruma. Siku ile Simel alichinja mbuzi, na nyama ya mbavu akaipeleka mwenyewe mpaka kwa Bi Tunu, nyuma ya soko.

Jamaldini hakurudi kwenye mambo ya zamani. Aliendelea kupeleka wanafunzi katika nyumba ya ngoma, na sasa aliwapeleka wote, wakubwa na wadogo, maana aligundua kwamba hata wepesi wana maneno wanayoyaogopa. Kiboko chake kilibaki nje mpaka mchwa wakakiona.

Kipupwe kilipoingia, homa ya Koikai ilipoa na kukaa muda mrefu bila kurudi. Jioni moja akamwuliza mdogo wake kama nyumba ile inapokea na mtu asiyekuwa wa shule. Lengai akasema watauliza. Bi Tunu alipoulizwa, alijibu kwamba benchi haliulizi mtu ametoka wapi.

Basi asubuhi moja Nashilu alikuwa kwa Bi Tunu akimimina maziwa. Kutoka nyumba ya ngoma ilisikika sauti ya Koikai ikisoma ukutani, kavu bado, ya mtu aliyeugua. Neno la kwanza, la pili, la tatu. Kisha ikakwama.

Halafu ikasikika sauti nyembamba ya mtoto, yenye mluzi wa meno yaliyong'oka.

"Turudi mwanzo."

Nashilu akaganda. Layoni alikuwa amemwambia hivyo mtu mzima, kaka yake Lengai, mbele ya watu. Alingoja asikie mlango ukibamizwa, Koikai akitoka. Alichosikia ni kisigino kinachogonga sakafu, kisha kingine, kisha sauti ya Koikai ikianza tena mstari wa kwanza, na sauti zote, za wakubwa na za wadogo, zikiibeba kwenda mbele.

Bi Tunu akasogeza bakuli jingine chini ya kibuyu, maana maziwa yalikuwa yanamwagika tena.